Teksi za Johannesburg: Usafiri wa umma ambao umma hauna kauli

BELLEVUE, Johannesburg

Ndugu zetu wanaokuja Afrika Kusini kwa mabasi ya masafa marefu, wawe wametokea Lubumbashi, Lusaka au Harare, wengi wao hushukia Park Station, katikati ya jiji la Johannesburg. Hapo wanadhani safari imekwisha. Kumbe bado. Kutoka Park Station hadi huku kwetu Bellevue na jirani zetu wa Yeoville, mahali ambapo Wakongo, Watanzania, Wanaijeria, Wazimbabwe na wengine wengi wamejibanza, ni kama kilomita nne tu. Lakini kilomita hizo nne ndizo zinazomfundisha mgeni kwamba amefika nchi nyingine.

Tiketi ya basi lililomleta ina jina lake, tarehe na jina la kampuni. Kilomita nne za mwisho hazina tiketi, hazina ratiba, wala hazina dirisha la kupeleka malalamiko. Zina gari dogo la kuchangia, la abiria kumi na watano hivi, ambalo wenyeji wanaliita teksi. Sisi tungeliita daladala, na ndugu zetu wa Kenya wangeliita matatu.

Tunataka kueleweka mapema. Hatuandiki kuzikashifu teksi hizi. Bila teksi Johannesburg haiendi kazini. Utafiti wa kitaifa wa usafiri wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kaya nane hivi katika kila kumi zinazotumia usafiri wa umma nchini humu zinategemea teksi. Tunachosema ni kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini mazungumzo yote kuhusu usafiri huu yamekuwa ya watu wawili, serikali na wenye magari. Abiria, ambaye ndiye mwenye nauli, hajawahi kualikwa kwenye meza hiyo.

Mfumo usioandikwa popote

Kwanza tueleze jinsi mambo yanavyokwenda, maana wasomaji walioko nyumbani wanaweza kudhani ni daladala tu iliyobadilishwa jina.

Teksi ya Johannesburg haina kondakta. Haina kibao cha kuonyesha iendako kama zilivyo daladala za Dar es Salaam. Ukiwa barabarani unaisimamisha kwa ishara ya mkono. Kidole cha shahada kikielekezwa juu, maana yake unakwenda mjini. Kikielekezwa chini, unazunguka hapahapa mtaani. Ziko ishara nyingine nyingi, kila moja na sehemu yake, na wenyeji wamezijua tangu utotoni. Msanii Susan Woolf alizikusanya ishara hizo na hata kutengeneza alama za kuwawezesha wasioona kuzifahamu, na mwaka 2010 Posta ya Afrika Kusini ilitoa stempu zenye michoro yake.

Ukishaingia, nauli inakusanywa na abiria wenyewe. Safu ya nyuma inapeleka pesa kwa safu ya mbele yake, na aliyeketi karibu na dereva anahesabu na kurudisha chenji. Watu wasiojuana wanapitishiana pesa mkono kwa mkono, na hesabu ikipungua gari zima litajua. Ukitaka kushuka unapaza sauti. Usipopaza, utapelekwa.

Mfumo huu unafanya kazi, tena kwa wepesi wa ajabu. Lakini msomaji atagundua kwamba kila hatua yake inadai ujuzi ambao mgeni hana. Ishara hazikuandikwa kituoni. Nauli kwa kawaida haijabandikwa. Na kile kitu kimoja kinachohitajika ili ushuke, yaani kupaza sauti, ndicho kinachomtambulisha mgeni kwa watu wote waliomo ndani ya gari.

Zilitoka wapi?

Wakati wa utawala wa makaburu, watu weusi walihamishiwa mbali na mji kwa nguvu, halafu wakatakiwa wafike mjini kila alfajiri kufanya kazi. Treni na mabasi hayakutosha. Mtu mweusi aliyetaka kubeba abiria kwa gari lake alikuwa akihangaishwa na sheria za leseni. Sheria ya usafiri ya mwaka 1977 ililitambua kuwa basi gari lolote linalobeba zaidi ya watu tisa, na wajanja wakaupata mwanya hapo. Gari la abiria wanane na dereva wake halikuwa basi. Kombi zikaanza kubeba watu.

Magari ya aina ya Toyota HiAce yakafuata, na kwa kasi yake yakabandikwa jina la Zola Budd, yule mwanariadha aliyegongana na Mary Decker kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Mwaka 1987 serikali ilitoa waraka wa sera, na mwaka 1988 ikapitisha sheria ya kulegeza masharti. Gari la viti kumi na sita likawa halali. Leseni zikatolewa kama njugu, usimamizi ukawa haba.

Waama, huo ulikuwa ushindi. Biashara kubwa iliyo mikononi mwa watu weusi ilizaliwa bila ruzuku ya serikali. Lakini leseni zilipozidi njia, kila njia ikahitaji mlinzi. Vyama vya wenye teksi vikachukua kazi ambayo serikali iliitupa, kazi ya kuamua nani apite wapi. Mwenye kisu kikali ndiye mlaji nyama. Katika miaka ya 1990 na kuendelea, vita vya teksi viliua madereva, wamiliki na abiria wasio na hatia. Serikali iliunda kikosi kazi mwaka 1995, na mwaka 2006 ikaanza kuwalipa wenye magari makuukuu randi 50,000 kwa kila gari lililopelekwa kusagwa ili wanunue jipya. Magari yakabadilika. Wenye njia wakabaki walewale.

Nani mwenye nguvu?

Tuangalie matukio manne, msomaji apime mwenyewe.

Tarehe 30 Agosti 2009 Johannesburg ilizindua mabasi yaendayo haraka ya Rea Vaya. Haikupita wiki, basi moja likapigwa risasi Soweto na watu wakajeruhiwa. Amani ilikuja pale waliokuwa wenye teksi katika njia hizo walipopewa hisa, na mwaka 2011 kampuni yao ya PioTrans ikaanza kuyaendesha mabasi hayo.

Juni 2020, wakati wa korona, serikali, iliyokuwa imeamuru teksi zisijaze viti vyote, iliahidi fidia ya zaidi ya randi bilioni moja. Wenye teksi wakasema haitoshi. Chama chao kikuu, SANTACO, kikatangaza kwamba magari yatajaa. Julai serikali ikakubali yajae kwa safari fupi. Maradhi yalikuwa yanapanda wiki hizohizo.

Agosti 2023 teksi ziligoma Cape Town kwa siku nane kwa sababu ya magari kukamatwa. Watu watano walikufa katika vurugu. Maelfu walitembea kwa miguu usiku kurudi makwao.

Na Agosti 2025, nje ya duka kubwa la Maponya Mall, Soweto, dereva wa teksi ya kuitwa kwa simu aliuawa kwa risasi na gari likachomwa moto. Mwezi uliofuata serikali ilitoa kanuni za kuzitambua rasmi teksi hizo za mtandao, zinazotaka ziwe na leseni, alama ya kuzitambulisha na kitufe cha dharura kwa abiria. Uber ilikuwa imeingia Johannesburg tangu mwaka 2013. Miaka kumi na miwili ya kusubiri kanuni.

Katika matukio matatu ya mwanzo abiria yuko wapi? Yuko hospitali, yuko ndani ya gari lililojaa, yuko barabarani anatembea. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Katika tukio la nne tu ndipo tulipoona jambo tofauti, kwa kuwa wakazi wa Soweto waliandamana kulaani mauaji yale na kudai kwamba abiria ndiye aamue apande nini. Tunaliona hilo kuwa kubwa kuliko kanuni zenyewe.

Pesa ya umma inapanda gari gani?

Kuna swali jingine ambalo wanasiasa hawapendi kuulizwa. Gautrain, treni ya kisasa iliyoanza kutoka uwanja wa ndege wa OR Tambo hadi Sandton Juni 2010 na kufika Park Station mwaka 2012, ilijengewa mkataba ambao jimbo la Gauteng lilikuwa likiifidia kampuni mapato yalipopungukia kiwango kilichokubaliwa. Yaani kiti kilipokosa mtu, walipakodi walikilipia. Treni za kawaida na mabasi yenye mikataba nayo yana ruzuku, ingawa treni nyingi za walalahoi ziliporomoka baada ya wezi kung'oa nyaya na hata mapaa ya vituo, hasa mwaka 2020.

Teksi inayobeba walio wengi haipati ruzuku ya kuendeshea kila siku. Kwa hiyo mama anayefanya usafi maofisini Sandton analipa gharama kamili ya safari yake, na kupitia kodi anayolipa dukani amekuwa akichangia kiti kitupu cha treni ya kisasa. Bei ya mafuta ikipanda, anapandishiwa nauli. Hatupendekezi wenye magari wapewe pesa mkononi, maana tumeona fidia inavyogombewa. Tunasema ruzuku imfuate abiria, iwe kwenye kadi yake, na gari litakaloipokea likubali kwanza kubandika nauli, njia na namba ya malalamiko.

Nyumbani je?

Wasomaji wetu wasije wakasema haya ni ya Afrika Kusini. Anayeshuka kwenye boti bandarini Malindi, Unguja, anawajua papasi. Ukitoka getini tu, mkoba wako umeshapata mwenyewe, na bei ya gari inapangwa kwa kukutazama viatu. Mjini hapo kuna daladala za nauli inayojulikana na kila mtu. Tofauti ya mgeni na mwenyeji ni kujua tu kwamba zipo. Kivuko cha Likoni, Mombasa, nako wavukao hupokelewa na matatu na tuktuk kwa kelele hizohizo.

Kenya ilijaribu kwa ukali. Februari 2004 zilianza kutumika kanuni za Waziri John Michuki, abiria kumi na wanne tu, mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni. Kwa muda mabarabara yalitulia. Nauli zikapanda, na baadaye usimamizi ukalegea. Dar es Salaam ilijaribu kwa mabasi yaendayo haraka mwaka 2016, daladala zikaondolewa njia ya Kimara hadi Kivukoni, na abiria wakajifunza foleni za kusubiri mabasi yasiyotosha. Huku kote sheria ililenga gari. Haikumpa abiria mamlaka yoyote.

Mgeni anayenyamaza

Turudi Bellevue. Mwezi Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia Alexandra, kilomita chache tu kutoka hapa ukifuata Barabara ya Louis Botha, na watu 62 wakauawa nchi nzima. Yakarudi 2015, yakarudi 2019. Tangu 2021 vuguvugu la Operation Dudula limekuwa likiwaandama wageni hadi milangoni mwa zahanati. Ndiyo maana wengi wetu tukipanda teksi hatuzungumzi Kiswahili kwa sauti, na simu ikilia tunaikata.

Lakini wanyamazao si sisi peke yetu. Februari 2008 mwanamke mmoja, raia wa nchi hii, alidhalilishwa kwenye stendi ya Noord kwa sababu ya sketi fupi. Mwezi uliofuata wanawake wakaandamana hadi stendini hapo. Raia yule naye hakuwa na ofisi ya abiria ya kukimbilia. Tofauti yake na mgeni ni kwamba yeye aliweza kuandamana bila kuulizwa karatasi.

Hapa ndipo wageni na wenyeji wana shauri moja, wapende wasipende. Wote wanalipa nauli ileile na wote wanapitishiana pesa mkono kwa mkono. Chama cha abiria, chenye kiti cha kudumu kila nauli na njia zinapojadiliwa, hakitauliza mtu kazaliwa wapi. Kitauliza umelipa kiasi gani na umefikishwa ulikokwenda au la. Wenye teksi wamethibitisha kwa miaka yote hii kwamba serikali humsikiliza aliyejipanga.

Mpaka siku hiyo ifike, ndugu unayekuja, panga mapema mtu wa kukupokea Park Station, fika mchana, uliza nauli kwa mwenyeji wako kabla hujapanda, na uwe na pesa ndogondogo mfukoni. Mwambie dereva unaposhuka wakati unaingia, kwa sauti ya kawaida.