Treni hupanda imejaa, hushuka tupu

Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kazi mwaka 2017 kwa mkopo ambao wananchi wa Kenya bado wanaulipa. Tangu hapo makontena hupanda bara yakiwa na bidhaa za ng'ambo, na mengi hurudi bandarini matupu. Kontena tupu linaonyesha kuwa reli imefika, lakini viwanda vya kuijaza havijafika.

Mfanyabiashara wa Busia au Namanga analijua hilo. Vituo vya pamoja vya mpakani, vilivyozinduliwa rasmi mwaka 2018, vimepunguza muda wa lori kukaa foleni. Lakini lori likivuka upesi na mzigo wa ng'ambo, anayenufaika zaidi ni mwenye kiwanda wa ng'ambo.

Umeme mkubwa sasa upo. Bwawa la Julius Nyerere nchini Tanzania lina uwezo wa megawati 2,115. Uganda ilizindua Karuma, megawati 600, mwaka 2024, na mwaka huo huo gridi za Kenya na Tanzania ziliunganishwa kupitia Namanga. Zilizobaki nyuma ni kazi ndogo zisizokatiwa utepe: vituo vya kupozea umeme, transfoma, nyaya za mitaani na barabara ya kutoka shambani hadi kiwandani.

Umeme ukikatika, mwenye kiwanda cha sabuni huwasha jenereta. Gharama ya dizeli huingia kwenye bei ya mche, na mche huo ukifika mpakani hushindwa na ule uliotoka mbali.

Serikali zitasema fedha ni chache na madeni ni mengi. Ni kweli, lakini deni la reli ni gumu kulipika kwa mzigo wa upande mmoja. Bajeti zinaposomwa mwezi Juni, wabunge waulize kila mradi mkubwa umetengewa kiasi gani cha kufikisha umeme na barabara kwenye viwanda vidogo. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani navyo viwapelekee orodha ya bidhaa zinazoagizwa mbali ilhali zingeweza kutengenezwa kwa jirani, na kazi ianzie hapo.

Siku makontena yatakaposhuka na sabuni, nguo na ngozi za Afrika Mashariki, reli itaanza kujilipa, na mfanyabiashara atakuwa na mali ya kuuza pande zote mbili za mpaka.