Mashua kuukuu si tatizo, kununua bila kukagua ndiyo hatari

Siku hizi ukikaa na vijana barazani hapa Wema, haipiti nusu saa kabla hujasikia habari ya chombo. Huyu kasikia kuna kidau kinauzwa Kipini. Yule ana jamaa Lamu anayejua mashua iliyopandishwa pwani tangu mwenyewe alipofariki. Bei inatajwa, hesabu zinapigwa, na mwisho mmoja anasema, "Tuchangeni tukakichukue kabla hakijachukuliwa." Makala haya ni kwa ajili ya huyo wa mwisho, na kwa wale watakaompa pesa zao.

Sababu ya haraka hii tunaijua sote. Mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 2023 yalifunika mashamba ya delta, na kabla watu hawajapumua maji yakarudi Aprili na Mei 2024. Mpunga, ndizi na mahindi vilikwenda na maji. Mkulima aliyepoteza misimu miwili mfululizo hawezi kulaumiwa akianza kutazama upande wa Ghuba la Ungwana na kujiuliza kama samaki hawatamtendea wema zaidi kuliko udongo.

Sababu ya pili ni mafuta. Julai 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba mwaka huo lita moja ya petroli Nairobi ilifika shilingi 211.64. Kwa bei hiyo, mashini inayokula lita 20 kwa safari imekula zaidi ya shilingi 4,200 kabla nyavu hazijagusa maji. Bei ilishuka baadaye, lakini somo lilibaki: mvuvi wa mashini anaweza kurudi na samaki na bado akawa na deni. Upepo hauna risiti. Ndiyo maana tanga, ambalo wengi walidhani limeachiwa watalii wa Lamu, limerudi kwenye mazungumzo ya watu wa kawaida.

Na sababu ya tatu ni mbao. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mikoko nayo ikaingia. Rais William Ruto alitangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023. Fundi wa mashua anahitaji mbao za ubavuni na vigogo vilivyopinda kwa asili kwa ajili ya mataruma. Vikiwa adimu, chombo kipya kinapanda bei, na mwenye pesa kidogo anageukia kuukuu.

Mimi sipingi kuukuu. Mashua iliyotunzwa vizuri inaweza kumzika aliyeiunda na bado ikasafiri. Ninachopinga ni kununua kwa macho tu. Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Miaka kadhaa nyuma nilinunua mashua ndogo iliyokuwa imepakwa rangi mpya, kijani na nyeupe, inang'aa kama ya harusi. Sikumwita fundi, niliona nitampa bure pesa yangu. Mwezi wa pili, tukiwa wanne na bahari imechafuka kidogo tu, maji yakaanza kuingia kwa chini kwa kasi kuliko mikono miwili ilivyoweza kuteka ngama. Tulifika pwani kwa kudura ya Mungu. Ilipopinduliwa, fundi alichomeka kisu kwenye mkuku kikaingia mpaka mpini. Mbao ilikuwa imeoza yote, na rangi ndiyo iliyokuwa ikishikilia sura.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayeanza lisiwe bei. Swali ni: unataka kusafiri wapi? Sisi watu wa Tana tumekua na waho na upondo. Huku juu, Wema, Hewani mpaka Garsen, mto una kona nyingi, miti imeziba upepo, na mchanga unahama kila mafuriko. Tanga huku ni mzigo. Ukitaka kuvusha watu na magunia, mtumbwi mzuri na kafi vinakutosha. Tanga linaanza kuwa na maana ukishuka Ozi na Kipini, mto unapopanuka na upepo wa bahari unapoingia. Wazee wa karne ya 19 walijua thamani ya njia hiyo ya maji, ndiyo maana mfereji wa Belazoni ulichimbwa kuunganisha Tana na mto Ozi. Lakini mdomo wa mto pale Kipini una mawimbi yanayovunjika juu ya fungu, na hapo si mahali pa mtu kujifunzia peke yake.

Swali la pili ni ukubwa. Mwanzo wengi hutaka kikubwa, wakidhani kikubwa ndicho salama. Kwa tanga letu la pembetatu hesabu haiko hivyo. Tanga limefungwa kwenye foromali, na ukitaka kugeuza upande lazima foromali izungushwe mbele ya mlingoti. Kwenye chombo kikubwa kazi hiyo inahitaji mabaharia kadhaa wanaojuana bila kuambiana. Kwa wanaoanza, kidau au mashua ya futi 14 hadi 18 inatosha. Kipimo changu ni rahisi: kama watu wawili hawawezi kupandisha na kushusha foromali hiyo bila kuomba msaada, chombo si chenu bado. Na kama watu hao hao hawawezi kukivuta mchangani maji yakijaa, mtakiacha kikiteseka majini mwaka mzima.

Ngalawa nayo isidharauliwe. Matengo yake mawili yanaipa utulivu ambao mashua nyembamba haina, na anayejifunza hapinduki ovyo. Ubaya wake ni kwamba haibebi mzigo mwingi, na gogo lake likipasuka si rahisi kulibadilisha kama unavyobadilisha ubao mmoja wa mashua.

Sasa tuje kwenye ukaguzi. Nenda maji yakiwa yametoka, chombo kiwe juu ya mchanga mkavu, na uende na fundi asiye jamaa wa muuzaji. Anzeni chini. Mkuku ndio uti wa mgongo. Uchomwe kisu kila shibiri moja, hasa pale mbao za kwanza zinapokutana nao. Kisha mataruma kwa ndani, hasa ncha zake za chini ambako ngama hukaa. Gonga mbao kwa nyundo ndogo: mbao nzima inalia kavu, iliyooza inajibu kwa sauti ya boga. Michirizi ya kutu chini ya misumari inakuambia misumari inaliwa, na mbao inayoizunguka inalegea nayo. Ukiona rangi mpya imepakwa sehemu moja tu, omba ikwanguliwe. Muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu.

Kuna jambo linalotuhusu sana sisi wa delta. Kwenye maji ya chumvi adui mkubwa ni wale funza wa baharini wanaotoboa mbao. Kwa nje unaona tundu dogo kama la sindano, ndani mbao imekuwa sega la nyuki. Maji baridi ya mto huwaua, na hiyo ni faida ya kukipandisha chombo mtoni. Lakini maji baridi, hasa ya mvua yanayotuama ndani, ndiyo yanayoozesha mbao. Kwa hiyo uliza chombo kimekaa wapi miaka ya karibuni. Cha baharini, tafuta matundu nje na chini. Cha mtoni au kilichoachwa kwenye mvua bila kufunikwa, tafuta uozo kwa ndani.

Baada ya hapo kishusheni majini, na msiogope kikivuja siku ya kwanza. Mbao zilizokaa juani husinyaa na kufungua nafasi. Zikinywa maji huvimba na kufunga. Kiacheni siku mbili, mkiteka ngama asubuhi na jioni na kuangalia maji yanapungua au la. Kama siku ya pili yanaingia kidogo, kazi ya kukalafati itatosha. Kama yanaingia vile vile, tatizo ni kubwa kuliko pamba na mafuta. Muuzaji mkweli atawapa siku hizo mbili.

Vifaa visisahauliwe. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, walisema wazee. Tanga lifunuliwe lote na litazamwe dhidi ya jua. Foromali ikaguliwe pale kamba zinaposuguana nayo. Usukani usicheze kwenye bawaba zake. Nanga, kamba yake, kafi mbili na kata ya ngama viwemo kwenye bei, au bei ishuke. Upepo ukikata mbele ya Kipini na huna kafi, wewe ni gogo linaloelea.

Kuhusu pesa, ushauri wangu ni huu: msitoe zote kununua chombo. Ziganyeni mafungu matatu. Moja la kununua, moja la matengenezo ya mwaka wa kwanza, na moja la tanga, kamba na majaketi ya kujiokolea. Kama bei inameza mafungu yote matatu, chombo hicho kimewazidi, hata kama kinaonekana cha bure.

Wakati wa kununua nao una maana. Msimu wa kusi, bahari inapokuwa kali, vyombo vingi vinakuwa vimepandishwa, na ni rahisi kuona tumbo la chombo. Nunueni wakati huo, mtengeneze, mjifunze kwenye matlai bahari ikitulia, ndipo muingie kaskazini na mwalimu wenu ndani ya chombo. Na mwalimu si lazima alipwe fedha nyingi. Pale Kipini wapo wazee ambao mikono yao haishiki tena kamba, lakini jicho lao linaona mawingu kabla yako. Mpe fungu la samaki, mpe heshima yake, na ukae ukimsikiliza.

Hapa ndipo nataka kuzungumza na wakubwa. Tarehe 28 Aprili 2024, mafuriko yakiwa yamekata barabara, boti iliyokuwa ikivusha abiria ilizama Kona Punda, kati ya Garissa na Madogo. Watu 23 waliokolewa. Wengine hawakurudi nyumbani. Tulilia, viongozi wakaja, maneno ya usalama wa vyombo yakasemwa. Ni mto huu huu mmoja, na maji yaliyopita pale ndiyo yaliyopita hapa kwetu. Je, tunangoja yatokee Kipini ndipo tuzungumze tena?

Sheria zipo. Mamlaka ya Bahari ya Kenya ina jukumu la usalama wa vyombo vidogo, na sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inataka chombo cha uvuvi kisajiliwe na kiwe na leseni. Lakini kwa kijana wa Wema, kukaguliwa kunasikika kama kukamatwa. Anakutana na ukaguzi akiwa tayari amenunua, pesa imekwisha, na chombo kikikataliwa hana pa kukipeleka. Matokeo yake anajificha. Ukaguzi ukija kabla ya mauzo unakuwa msaada kwake.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa. Kwanza, idara ya uvuvi ya kaunti na Mamlaka ya Bahari waweke siku za ukaguzi Kipini mwishoni mwa kusi, anayetaka kuuza alete chombo, anayetaka kununua aje na fundi. Pili, BMU iweke daftari la mauzo: nani kauza, nani kanunua, kasoro gani zimetajwa, na majina ya mashahidi. Muuzaji anayejua kuwa jina lake linaandikwa atafikiria mara mbili kabla ya kuficha uozo kwa rangi. Tatu, miradi ya uchumi wa bahari katika kaunti zetu za Pwani ipokee maombi ya vikundi vinavyotaka kukarabati vyombo vya tanga na kulipia mafunzo. Si kila kikundi kinahitaji boti ya faiba na mashini ambayo kesho haitakuwa na petroli.

Najua wapo watakaosema Wapokomo ni wakulima, bahari waachiwe Wabajuni. Mimi naona maneno hayo yamepitwa na maji. Mkulima aliyefurikiwa mara mbili anahitaji mguu wa pili wa kusimamia, na majirani zetu wa Kipini na Lamu wanajua kazi hii kuliko sisi. Tukiwaendea kwa adabu watatufunza. Kinachobaki ni subira. Mkusanyiko wa pesa za akina mama wa kikundi, za mauzo ya mbuzi na za embe za msimu mmoja, usiishie kwenye mkuku uliooza.

Kama wewe ni yule wa barazani aliyesema tuchange tukakichukue, changeni. Lakini kabla hamjatoa hata shilingi, nendeni na kisu, nyundo na fundi, na mkae na chombo hicho siku mbili majini.