Mgonjwa wa Figo Asilazwe Nyumbani

Kiswahili "humlaza" mgonjwa hospitalini. Nahofia kitenzi hicho kimehamia majumbani mwetu. Mwenye figo zilizokufa huunganishwa na mashine ya kusafisha damu takriban saa 4 kila kikao. Akirejea nyumbani, jamaa humpokonya hata ufagio, eti apumzike! Ilhali maradhi ya moyo ndiyo yanayoongoza kuwaua wagonjwa hawa, na mwili usiotikiswa huudhoofisha moyo zaidi.

Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi wakisafishwa damu, kwa miezi 12, walipata nguvu zaidi za kuketi na kuinuka. Sharti daktari aidhinishe, na afadhali iwe mwanzoni mwa kikao, kabla shinikizo la damu halijashuka. Baiskeli ya kukanyagia kitandani haigharimu kama mashine yenyewe. Wasimamizi wa vituo vyetu wanangoja nini?