Baruti ikilipuka, mwamba hujibu baadaye: Maswali ya kuuliza kabla mgodi ufike Ikolomani

Wasee, hii stori ya dhahabu ya Kakamega tumeiongea vibaya. Tangu ile namba ya shilingi bilioni 683 itoke, kila mtu anapiga hesabu ya ganji. Lakini Shanta Gold inataka kuchimba chini ya ardhi huko Isulu-Bushangala, Ikolomani. Kwa hivyo kuna hesabu nyingine: ukilipua baruti huko chini, mwamba unafanya nini?

Cheki hivi. Mnahama keja, mko wanne mmebeba kochi. Mmoja akiachilia, kochi haliwi jepesi. Nyinyi watatu ndio mtajua hamjui. Mwamba ni vivyo hivyo. Umebeba uzito wote wa juu, na unabanwa kutoka pembeni pia. Ukitoboa handaki, huo mzigo unahamia kwa kuta na nguzo zilizobaki. Baruti inauhamisha kwa ghafla. Zikilemewa, jiwe linapasuka, na mtikisiko wake unasomeka kama tetemeko. Inaweza kuwa sekunde hiyo hiyo, inaweza kuwa masaa baadaye, wakati moshi umeisha na watu wanadhani mambo iko fiti.

Hii si story za jaba. Tarehe 31 Julai 2025, tetemeko la 4.2 lilipiga El Teniente kule Chile, mgodi wa shaba mkubwa kuliko yote ya chini ya ardhi duniani. Handaki zikaporomoka, wafanyakazi 6 wakafa.

Sasa linganisha na Kiruna, Sweden. Huko wanalipua usiku, mida ya saa saba na nusu, watu wakiwa wametolewa sehemu ya kulipuliwa. Ndani ya mwamba kuna vifaa vya kusikiliza kila mtikisiko. Tarehe 18 Mei 2020, baada tu ya saa tisa usiku, mwamba ulitikisika kwa kipimo cha 4.9. Mgodi uliharibika vibaya, lakini hakuna aliyeumia. Ratiba ilisaidia sana. Na bado mji wenyewe unahamishwa, juu ardhi inazama. Agosti 2025 walibeba kanisa zima la mbao, tani 672, wakalisongesha kilomita 5.

Sisemi Ikolomani itakuwa Teniente. Hiyo ya Chile na Sweden ni migodi mikubwa iliyoenda chini sana, na kadri unavyoshuka ndivyo presha inazidi. Lakini sheria ya mzigo haibadiliki.

Kwa hivyo ukiitwa kikao cha kutoa maoni, usiulize fidia peke yake. Uliza baruti italipuliwa saa ngapi, na wachimbaji watakaa nje muda gani kabla warudi. Uliza nani atasoma vipimo vya mtikisiko, na kama kijiji kitaonyeshwa. Uliza nani atakagua nyumba ambazo hazitahamishwa, kabla ya mlipuko wa kwanza.

Hiyo ya mwisho hata usingoje mtu. Kama unaishi karibu, toa simu leo, piga picha kuta zako zote, tarehe ionekane. Ufa ukitokea kesho utaambiwa ulikuwepo kitambo. Bila picha, utajitetea na nini?