Tusimuchekelee mutu wa kinga



Wengi wetu tumekwisha kuona picha za mashindano ya kinga katika Hispania. Vijana wembamba, nguo za rangi, wanapanda mulima wenye mazunguko mengi, na juu kabisa kunasimama ngome ya mawe ya zamani. Kila mutu anashangilia: "Yule ni mwanaume kweli!" Lakini saa ya kutoka masomoni, wale wale wanaoshangilia wanakutana barabarani na mutu anayesukuma kinga yenye mifuko miwili ya makala, anapanda kilima chetu, nguo zimelowa jasho. Wanamucheka. Wengine wanamupa majina.

Nauliza: sababu gani? Mulima ni mulima, jasho ni jasho. Ninasema kwamba tukimuheshimu mutu wa Hispania na kumuchekelea mutu wa makala, hatujaelewa hata Hispania yenyewe. Nitaeleza.

Hispania ni ile inchi ambayo Mtume Paulo aliwaandikia Waroma kwamba anatamani kufika kwake (Waroma 15). Wengi wanafikiri ni inchi ya pwani na jua tu. Sivyo. Katikati yake kuna uwanda mukubwa wa juu, unaoitwa Meseta, na wastani wa urefu wa inchi nzima ni karibu metre 660 juu ya bahari. Kwa Ulaya ni juu sana. Kuna joto kali wakati wa kiangazi, na baridi inauma wakati wa baridi: katika muji mudogo wa Molina de Aragón, mwezi wa kwanza 1952, walipima digri 28 chini ya sifuri. Na karibu kila mahali kuna vilima, na juu ya vilima kuna ngome. Hata jina la Castilla, jimbo kubwa la katikati, linatoka katika neno la ngome.

Ngome hizo hazikujengwa kwa kupendeza macho. Katika mwaka 711 majeshi ya Waislamu yalivuka bahari toka Afrika ya Kaskazini, yakashika sehemu kubwa ya inchi. Wafalme Wakristo wa kaskazini walipigana nao kwa karne nyingi. Toledo ilishikwa na Wakristo mwaka 1085, na Granada, muji wa mwisho, mwaka 1492. Katika muda huo wote mupaka ulikuwa unahama, na kila upande ulijenga juu ya mwamba. Maana yake ni wazi: adui anayepanda anafika juu amechoka, na yule anayekaa juu amekwisha kumuona toka mbali. Mulima ulikuwa silaha. Ndiyo sababu ngome ya Loarre, iliyoanzishwa na mufalme Sancho wa Tatu katika karne ya 11, inakaa juu ya metre 1,000. Ndiyo sababu Atienza iko na ngome juu ya jiwe moja kubwa, na Albarracín, muji uliochukua jina la ukoo mumoja wa Waberberi, unazungukwa na kuta zinazopanda mulimani.

Leo vita vile vimekwisha, lakini mupando umebaki. Iko njia moja inayoitwa Camino del Cid, kwa jina la askari Rodrigo Díaz de Vivar aliyekufa Valencia mwaka 1099. Inaanza karibu na Burgos, inapita Atienza, Sigüenza, Molina de Aragón na Albarracín, inashuka mpaka upande wa bahari. Watu wanaifuata kwa kinga, siku nyingi. Kwa motokari, ngome inaonekana na kupotea kwa dakika mbili. Kwa kinga, unaiona toka mbali, inajificha nyuma ya kilima, inatokea tena, na wewe bado unakanyaga. Ukifika kijijini lazima uombe maji na kununua mukate. Kwa hiyo lazima usalimie watu. Wa motokari anapiga picha ya kuta tu, anakwenda.

Sasa, wanafunzi wa fizika, mutoe kalamu. Tuseme mukimbiaji pamoja na kinga yake wanapima kilo 80, na mulima una urefu wa metre 500 toka chini mpaka juu. Kazi ya kupandisha uzito ni uzito wa kilo mara 9.81 mara urefu. Tunapata karibu jule 392,000. Sasa tuchukue mutu wetu: yeye na kinga yake kilo 80 vilevile, lakini anaongeza mifuko miwili ya kilo 50. Jumla kilo 180. Kwa mulima uleule tunapata karibu jule 883,000. Ni zaidi ya mara mbili! Tena yule wa kwanza ana pinyo nyingi. Pinyo hazipunguzi kazi, lakini zinapunguza nguvu ya kila kukanyaga, miguu inazunguka mara nyingi zaidi. Mutu wetu hana pinyo za kuchagua. Ndiyo sababu anashuka na kusukuma. Hashuki kwa uvivu. Anashuka kwa sababu ya hesabu.

Wengine watasema: "Kapita, unachanganya mambo. Yule ni bingwa, huyu ni masikini." Basi musikie habari ya Federico Bahamontes. Alizaliwa mwaka 1928 katika jimbo la Toledo. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza katika Hispania, vikaisha 1939, na nyuma yake ikaja njaa kubwa. Hata mashindano ya kuzunguka inchi, Vuelta, yaliyoanza mwaka 1935, yalisimama mpaka 1941. Katika njaa ile, kijana Bahamontes alipata kinga, si kwa muchezo, ni kwa kubeba matunda na mboga na kuziuza. Alipanda vilima vya Toledo na muzigo. Hapo ndipo miguu yake ilijifunza. Mwaka 1959 alishinda Tour de France, mutu wa kwanza wa Hispania kuishinda. Mara 6 alipewa cheo cha bingwa wa milima katika Tour ile. Watu walimwita Tai wa Toledo. Alikufa mwaka 2023, akiwa na miaka 95.

Munaona? Bingwa na mubeba mboga walikuwa mutu mumoja. Kama wanafunzi wa Toledo walimucheka saa alipopita na mizigo yake, walimucheka Tai bila kujua.

Lakini iko jibu moja ambalo siwezi kuliruka, kwani lina nguvu. Mutu anaweza kusema: "Yule wa Hispania anapanda kwa kupenda, huyu wa makala anapanda kwa kulazimishwa. Haifanane." Ni kweli, haifanane. Yule wa muchezo akichoka anasimama, anakunywa kahawa. Akiwa na feza anaweza kulala ndani ya ngome yenyewe, kwa sababu katika Sigüenza ngome imekuwa hoteli ya serikali, moja ya zile zinazoitwa Parador, zilizoanza mwaka 1928. Wa makala hawezi kusimama. Makala isipofika sokoni, watoto hawatakula. Sisemi kwamba umasikini ni kitu kizuri. Ningependa apate lori na barabara nzuri, apumuzike. Lakini tofauti hii inaongeza heshima yake, haipunguzi. Kama tunamusifu mutu anayeweza kuacha, zaidi sana tumusifu yule asiyeweza kuacha.

Tena tufikiri juu ya ngome zenyewe. Jina la mufalme Sancho tunalijua. Lakini mawe ya Loarre hayakupanda yenyewe. Watu waliyachonga na kuyapandisha, kwa mikono na kwa wanyama, na majina ya watu wale hatuyajui. Wageni wanasifu ngome. Wabeba mawe wamesahauliwa. Hii ndiyo desturi ya dunia: inapenda kitu kilichofika juu, inazarau aliyekifikisha.

Na leo Hispania inaona matunda machungu. Majimbo ya Soria na Teruel, yenye vijiji vizuri na kuta za zamani, yamebaki na watu karibu 9 tu kwa kilometre mraba. Mashini zilichukua kazi za mikono, vijana wakaenda Madrid, Barcelona na miji mingine. Tarehe 31 mwezi wa tatu 2019, watu wa vijiji hivyo waliandamana Madrid juu ya kusema: tusisahauliwe. Ngome imebaki, watoto wameondoka. Jiwe halilimi, jiwe halifungui masomo. Sisi wa mwaka wa mwisho, ambao kesho tutatafuta njia ya kwenda muji mukubwa, tulifikiri neno hilo.

Jambo moja tena. Katika Hispania, sheria inasema motokari ikipita mutu wa kinga iache nafasi ya metre 1 na nusu. Hiyo ni heshima iliyopimwa kwa metre! Kwetu, dereva anapiga honi tu, na mwenye kinga anaruka kwenye mufereji pamoja na muzigo wake. Hatuwezi kubadili barabara zote. Lakini kati yetu kuna wale watakaoendesha motokari siku moja. Washike kipimo kile tangu sasa.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili, na ninayaomba kwanza kwa wakubwa wa madarasa, kwani wadogo wanatuiga. La kwanza, kicheko kikome. Mwanafunzi anayekuja masomoni kwa kinga yenye mihogo ya mama yake nyuma asiitwe tena jina baya katika uwanja huu. Barua ya Yakobo, sura ya 2, inatukataza kumupa mutu nafasi kwa kutazama mavazi yake. Haiwezi kuturuhusu kumunyima kwa kutazama muzigo wake. La pili, kilima chetu kiko mbele ya mulango wa masomo. Tukitoka, tuko mikono mingi, na hatubebi kitu isipokuwa madaftari. Mikono miwili tu ikisukuma nyuma ya kinga, yule wa mbele anavuta pumzi. Haiombi feza wala ruhusa ya Bwana Prefe.

Nani ataanza?

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho