Paneli mpya za sola: moto unazifanya nyeusi, unyevu unazirudisha njano

Wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Juzi jirani yetu hapa Tanga kaniuliza: "Mdogo wangu, wewe unayeshinda kwenye kompyuta, hizo paneli mpya wanazosema zitakuwa bei poa, nizisubiri au ninunue za sasa?" Nikamwomba siku mbili nikasome. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kinachosifiwa kinaitwa perovskaiti. Ni semikondakta inayopakwa kwenye kioo kama utando, mwembamba kuliko unywele zaidi ya mara 100. Mwaka 2009 kundi la Tsutomu Miyasaka kule Japani lilipata ufanisi wa asilimia 3.8 tu. Mwaka 2024 LONGi ya China ikatangaza asilimia 34.6 kwa seli iliyounganisha perovskaiti na silikoni, na mwaka huohuo Oxford PV ya Uingereza ikapeleka mzigo wake wa kwanza wa kibiashara kwa mteja wa Marekani. Kwa hiyo si porojo.

Ila siri yote iko jikoni. Utando ukishapakwa, unapashwa moto. Chukua aina moja inayotumika sana, yenye fomamidini, risasi na iodini. Kwenye joto la kawaida inajipanga kuwa fuwele za njano ambazo kwa umeme wa jua hazina maana. Ipashe kama nyuzi 150 za Selsiasi, ndani ya dakika chache inageuka nyeusi. Hakuna kilichoongezwa! Ni atomu zilezile zimejipanga upya. Kwenye njano zilikuwa kwenye minyororo iliyotengana, kwenye nyeusi zimeshikana kona kwa kona pande zote, ndiyo maana inanasa mwanga vizuri na umeme unapita. Ukizidisha moto nayo ni hasara, fomamidini inatoka kama mvuke, inabaki iodidi ya risasi.

Sasa kasheshe lenyewe. Kwenye joto la kawaida, ile njano ndiyo hali yake ya asili. Nyeusi imelazimishwa na moto. Unyevu ukipenya, unaharakisha safari ya kurudi kwenye njano. Watafiti wanachanganya sesiamu kidogo ili nyeusi ishikilie, na wanaziba kioo kwa kioo. Lakini jamani, sisi wa pwani chumvi inalowana yenyewe mezani!

Msimamo wangu ni huu: asilimia 34 ya maabara isikupagawishe, uliza itadumu miaka mingapi. Kipimo kipo. Paneli inawekwa kwenye nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000, yaani karibu siku 42. Muuzaji asiye na cheti cha kipimo hicho, achana naye. Silikoni ya kawaida imetokana na kuyeyushwa kwa zaidi ya nyuzi 1,400 na haina tabia hiyo ya kurudi nyuma, ndiyo maana wengi wanaipa dhamana ya miaka 25.

Nyumbani tulishaumizwa na paneli isiyo na jina. Mzee alitoa hela ya mahindi ya msimu mzima, mwaka haukuisha taa zikafifia. Sitaki jirani apitie hayo. Nimemwambia anunue silikoni yenye karatasi zake, hizo nyeusi za moto tuwaachie wazijaribu kwanza.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti uwanja ni wako, matusi hapana.