Divai Ina Jina, Mgema Hana

Hakuna mwalimu wa Kiswahili katika nchi hii ambaye hajawahi kuifunza methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wanafunzi huikariri, huitungia insha, na mtihani ukiisha huiacha darasani pamoja na vumbi la chaki. Mimi mwenyewe nimeifunza kwa zaidi ya miaka 20, na kila mara nimewaambia vijana kwamba ni onyo kwa mtu anayeleweshwa na sifa. Sikuwahi kutambua jambo jingine lililojificha ndani yake hadi likizo ya Aprili iliyopita, niliposimama katika shamba la mizabibu mbali na nyumbani, bilauri mkononi, na mke wangu akauliza swali lililotukosesha jibu sote tuliokuwapo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mimi na mwenzangu, ambaye pia ni mwalimu, tulikuwa tumetimiza miaka 25 ya ndoa. Kwa miaka mitatu tulikuwa tumeweka akiba katika chama cha ushirika ili siku moja tutembee kama watembeavyo wengine, bila mgonjwa wa kumzuru wala maiti ya kusindikiza. Tuliuchagua mji wa Cape Town, Afrika Kusini. Safari ya huko imekuwa nyepesi kidogo tangu Januari 2023, Mkenya aliporuhusiwa kuingia nchini humo bila viza kwa siku zisizozidi 90 kwa mwaka. Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Sisi tulitaka kuona machache tu, na kupumzika.

Mji huo, msomaji mpendwa, hauhitaji kusifiwa na mgeni kama mimi. Mlima wa Table, ambao kilele chake ni bapa kama meza, umesimama nyuma ya majumba kwa kimo cha zaidi ya mita 1,000. Tangu mwaka 1929 watu wamekuwa wakipandishwa huko kwa kigari kinachoning'inia kwenye waya. Tulipanda tukiwa tumeshikana mikono, kwa mapenzi kiasi na kwa hofu zaidi. Huko juu tuliiona bahari, bandari, na kwa mbali kisiwa cha Robben, ambako Nelson Mandela alifungwa miaka 18 kati ya miaka yake 27 gerezani.

Lakini lililotugusa zaidi mjini humo si uzuri wake, bali jinsi ulivyokubali kuyasema maovu yake. Karibu na bunge kuna jengo ambalo Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki ililijenga mwaka 1679 ili kuwalaza watumwa wake. Leo hii ni jumba la makumbusho. Hatua chache kutoka hapo, katika uwanja wa Church Square, kuna matofali 11 ya mawe meusi yaliyowekwa mwaka 2008 na kuchongwa majina ya watumwa. Kuna pia jumba la makumbusho la District Six, mtaa uliotangazwa kuwa wa Wazungu pekee mwaka 1966, na ambao zaidi ya wakazi 60,000 walihamishwa kutoka humo. Mtu anayetaka kujua, ataambiwa.

Tulipofika Bo-Kaap, mtaa wa nyumba zilizopakwa rangi za kila aina, nilisimama kwa sababu zangu za kikazi. Wenyeji wa mtaa huo kwa wingi ni wazao wa watumwa na wahamishwa walioletwa kutoka Asia. Katika karne ya 19 wanazuoni wa Kiislamu wa mji huo waliiandika lugha ya Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu, kama vile wazee wetu wa Lamu na Mombasa walivyoziandika tenzi zao. Kitabu kimoja cha namna hiyo, cha Abu Bakr Effendi, kilichapishwa Istanbul mwaka 1877. Lugha ambayo baadaye ilishikwa na wakandamizaji kana kwamba ni mali yao peke yao, ilipata baadhi ya maandishi yake ya mwanzo mikononi mwa wazao wa watumwa! Nilijiambia kwamba nauli yangu imekwisha lipa.

Siku ya nne tukaenda kwenye nchi ya mizabibu. Stellenbosch uko umbali wa kilomita 50 hivi kutoka Cape Town. Uliasisiwa mwaka 1679 na gavana Simon van der Stel, akaupa jina lake. Nyumba zake ni nyeupe, miti yake ya mwaloni ni mizee, na milima imeuzunguka kama kuta za bustani. Mavuno yalikuwa yakiisha na majani ya mizabibu yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya dhahabu. Mke wangu alisema kwamba kama pepo ina kitongoji, basi ni hapo.

Katika shamba moja, ambalo sitalitaja, kijana mstaarabu alitukaribisha kuonja. Mwenzangu, ambaye hanywi pombe, alipewa maji ya zabibu. Kijana alitufunza kuitazama rangi ya divai, kuinusa, kuizungusha mdomoni, hata kuitema. Alitueleza habari za mchanga wa mlimani, za upepo utokao baharini, za umri wa mizabibu, za mapipa yaliyotoka Ufaransa, na za ukoo wenye shamba, baba kwa mwana. Nami nilikuwa nikitikisa kichwa kama mjuzi, ingawa nyumbani mimi ni mnywaji wa chai ya maziwa.

Ndipo mke wangu alipouliza kwa upole: "Mwanangu, umetueleza vizuri habari za mchanga, upepo na mapipa. Na wanaochuma je? Wao wanaishi wapi?"

Kijana alitabasamu, akasema hiyo ni hadithi ndefu, akamimina divai ya tatu. Wageni wengine waliangalia bilauri zao. Nami, naungama, niliona haya. Nilimgusa kwa kiwiko nikamnong'oneza: "Mama, tumekuja kupumzika."

Akanijibu bila kupaza sauti: "Mwalimu, mimi naulizia habari za mama yangu."

Sina budi kueleza. Mama mkwe wangu alichuma majani chai Kericho kwa takriban miaka 30, kikapu mgongoni, akilipwa kwa kilo. Karo ya mke wangu ilitoka katika vidole vya mama huyo. Wageni walikuwa wakija kuyapiga picha mashamba yale, wakiyasifu kuwa ni zulia la kijani, kisha wakaenda zao kunywa chai kwenye kibaraza cha meneja. Mtoto aliyekulia katika nyumba za laini aliyaona hayo yote, na hakuyasahau. Jioni hiyo, gari letu lilipopita karibu na Kayamandi, mtaa wa vibanda vya mabati uliopo pale pale Stellenbosch, sote wawili tulikaa kimya.

Hadithi hiyo kweli ni ndefu, lakini si ngumu kusimulia. Divai ya kwanza ya Rasi ya Tumaini Jema ilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, na Jan van Riebeeck, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Kampuni, aliiandika habari hiyo katika shajara yake. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, yaani 1658, meli mbili zilikuwa zimeshusha mamia ya watumwa kutoka Angola na Afrika Magharibi. Mzabibu na mtumwa waliingia pamoja, kama pacha. Hadi biashara hiyo ilipokomeshwa mwaka 1808, watumwa wapatao 60,000 walikuwa wameletwa Rasi kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska, Msumbiji na kwingineko katika pwani yetu ya mashariki. Wengine walinyang'anywa hata majina, wakaitwa kwa miezi. Hadi leo kuna jamaa za huko ambao jina lao la ukoo ni September au February. Divai tamu ya Constantia, iliyotengenezwa kwa mikono hiyo, ilinyweka katika majumba ya wafalme wa Ulaya, na Napoleon aliinywa uhamishoni katika kisiwa cha Saint Helena. Waliokanyaga zabibu hizo hawakualikwa mezani.

Utumwa ulifutwa mwaka 1834, ingawa waliokombolewa walilazimishwa kuwatumikia mabwana zao kwa miaka minne zaidi. Lakini ukabaki mfumo ulioitwa "dop", yaani kumlipa kibarua sehemu ya ujira wake kwa divai hafifu, kikombe baada ya kikombe tangu asubuhi. Sheria iliupiga marufuku katika miaka ya 1960, lakini baadhi ya mashamba yaliendelea nao kwa miongo kadhaa. Matokeo yake ni jambo linalotuhusu sana sisi walimu. Jimbo la Western Cape limepimwa na kuonekana kuwa miongoni mwa sehemu za dunia zenye watoto wengi zaidi waliodhuriwa na pombe wakiwa tumboni mwa mama zao. Mtoto wa namna hiyo huja darasani na ubongo uliokwisha jeruhiwa kabla hajafundishwa herufi ya kwanza. Mwalimu wake hupigana na deni ambalo si yeye wala mtoto aliyelikopa.

Wala si mambo ya kale tu. Novemba 2012 vibarua wa mashamba ya zabibu huko De Doorns waligoma, mgomo ukaenea katika jimbo, na mizabibu ikachomwa moto. Ujira wa chini wa kibarua wakati huo ulikuwa randi 69 kwa siku. Walidai 150. Machi 2013 serikali ikaupandisha hadi 105.

Najua atatokea msomaji wa kuniuliza: je, mtu hawezi tena kustarehe bila kubebeshwa kilio cha dunia? Mtu na mkewe wamejinyima miaka mitatu, sasa waende kuomboleza? Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Kwanza, sisi hatukuomboleza. Tulicheka, tulipiga picha, tulikula samaki bandarini, na mlima ule tutausimulia hadi uzeeni. Pili, siwashauri watu wasusie mashamba hayo. Mgeni asipokwenda, wa kwanza kufukuzwa kazi ni yule yule mchumaji, wala si mwenye shamba. Lakini mtu anaposimuliwa asili ya pipa na asisimuliwe asili ya mkono ulioijaza chupa, hajapumzishwa. Ameuziwa nusu ya bidhaa kwa bei ya bidhaa nzima.

Tena inawezekana kabisa kufanya vinginevyo. Mwaka 2005 shamba la Solms-Delta, karibu na Franschhoek, lilifungua jumba la makumbusho la historia ya shamba lenyewe, majina ya watumwa wake yakaandikwa ukutani. Divai yake haikugeuka kuwa siki kwa sababu ya ukweli huo. Na mji wa Cape Town wenyewe, kama nilivyoeleza, unaonyesha kwamba mahali panaweza kukiri makosa yake na bado pakapendeza.

Sasa turudi nyumbani, maana mwenye boriti jichoni hawezi kucheka kibanzi cha jirani. Kila mwaka shule zetu hukodi mabasi na kuwapeleka wanafunzi kwenye viwanda vya chai, mashamba ya maua na viwanda vya sukari. Nimewaongoza wanafunzi katika safari hizo mara nyingi, na nimezisahihisha ripoti zao. Wao huandika mashine zinavyokata na kukausha majani, kilo ngapi huingia na magunia mangapi hutoka. Sijawahi kusoma ripoti hata moja iliyotaja jina la mchumaji, wala iliyouliza ardhi ile ilikuwa ya nani kabla ya chai. Ni wanafunzi wangapi wajuao kwamba mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai kutoka Kericho hadi Gwassi? Hawajui kwa sababu hawakuuliza, na hawakuuliza kwa sababu sisi walimu, kama mimi na kiwiko changu kule Stellenbosch, huwa tunawanyamazisha wasiwatie wenyeji haya.

Nina pendekezo dogo kwa walimu wenzangu. Muhula ujao, mkienda na wanafunzi kiwandani au shambani, kila mmoja apewe kazi ya kurudi na jibu la swali moja: ni nani aliyefanya kazi hii kwa mikono, na anaishi vipi? Haitahitaji vitabu vipya wala ruhusa ya wizara. Itahitaji mwalimu asiyeona haya. Nanyi wanafunzi, msiogope kuambiwa kuwa hiyo ni hadithi ndefu. Hadithi ndefu ndiyo hasa iliyowaleta shuleni.

Ama kuhusu ile methali, nimeanza kuifunza upya. Bado nawaambia vijana kwamba ni onyo juu ya sifa. Lakini nawaomba pia wautazame mpangilio wake. Wazee wetu walipolizungumzia tembo, walianza na mgema. Hawakuanza na mnazi, wala mchanga, wala kibuyu, wala mwenye shamba. Walijua kwamba nyuma ya kila kinywaji kuna mtu aliyepanda juu na ambaye angeweza kuanguka. Kule Stellenbosch nilisoma vibandiko vya chupa nyingi. Kila divai ilikuwa na jina, mwaka na ukoo. Mgema hakuwamo.

Mama mkwe wangu bado yu hai, na vidole vyake havinyooki tena. Tuliporudi tulimpelekea picha za mlima na bahari. Akazitazama moja moja, kisha akauliza: "Na hizo zabibu, huchumwa na nani?"

Mara hii nilikuwa na jibu, na nilimsimulia hadi usiku.